Maziwa ya Kibuyu cha Kogo

Kila siku akitoka shuleni, Mongina alivua sare, akavaa gambuti na kuchukua kopo la maziwa la Kogo Chepyegon. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na Mongina, ingawa alikuwa Mkisii, hakumwita kwa jina jingine. Yeye na mama yake, Phelis, walipanga chumba katika boma la Kogo, karibu na Kiptere. Mama alichuma chai katika mashamba ya watu. Aliporudi jioni akiwa amechelewa, Mongina alikuwa tayari amekula kwa Kogo.

Ng'ombe wa Kogo hakuwa akitoa maziwa wakati huo, kwa hiyo maziwa yalitoka kwa Kipngetich, ng'ambo ya kijito. Wiki ile Kogo aliyahitaji kuliko siku zote. Mjukuu wake Kiplimo alikuwa amehitimu chuo cha ualimu, na Jumamosi angefika nyumbani na wenzake. Mtu aliyerudi na heshima kama hiyo hupokewa langoni kwa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu mpaka yakaganda.

Kibuyu chenyewe kilikuwa cha mama yake Kogo. Jumatatu asubuhi alikisugua, kisha akachoma kijiti cha mti wa senetwet na kukizungusha ndani hadi kuta zote zikawa nyeusi kwa makaa.

"Moshi huu hauachi kitu kibaya ndani," alimwambia Mongina. "Ndiyo maana mimi sichemshi maziwa ya kibuyu. Ukiyachemsha unaua ladha yake."

Jioni hiyo mvua ilinyesha. Mongina alipokuwa akirudi kutoka kwa Kipngetich, aliteleza kwenye njia ya mteremko katikati ya michai. Kifuniko kilitoka. Maziwa yote yalimwagika, na matope yakayanywa akiwa bado amekaa chini.

Kipngetich alikuwa amempa maziwa ya mwisho. Mongina aliwaza uso wa Kogo, akaona hawezi kurudi na kopo tupu. Alipanda hadi sokoni, dukani kwa Mzee Kimotho, na kwa pesa alizopewa na mama za kununulia daftari akanunua pakiti mbili za maziwa. Aliyamimina ndani ya kopo nyuma ya duka. Pakiti tupu alizichomeka kwenye kitalu cha mama, ambako miche ya miti ilioteshwa katika pakiti kuukuu kama hizo.

Kogo alipomimina kibuyuni aliangalia kwa makini. "Maziwa ya Kipngetich leo ni mepesi. Nafikiri ng'ombe wake amekunywa kijito kizima."

Mongina alicheka kidogo, akaenda kuosha gambuti.

Jumatano, wakati wa kurudi kutoka shuleni, aliwakuta watu wamesimama mbele ya duka la Kimotho. Mzee alikuwa akitoa pakiti za maziwa kwenye friji na kuzipanga ndani ya kreti. Alisema kampuni imetangaza kwamba maziwa ya tarehe fulani yamepatikana na bakteria, na kila aliyenunua ayarudishe.

"Mongina, hujafa bado?" Gekara, mwanafunzi mwenzake, alimtania. "Siku hizi mnakunywa maziwa ya duka kama watu wa Nairobi. Nilikuona Jumatatu."

Kimotho aliinua kichwa. "Kweli, wewe ulichukua mbili. Yamebaki?"

"Tulipikia chai, yakaisha."

"Kuna mtu yeyote anayeumwa tumbo kwenu?"

"Hapana."

"Afadhali. Mwambie mama, kama kuna hata tone limebaki, msinywe. Na msionje ili kujua kama yameharibika. Hayana harufu mbaya wala ladha mbaya. Ni tarehe tu inayoweza kukuambia. Lete pakiti hapa, hata kama imefunguliwa, nitakurudishia pesa."

Mongina alifika nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye kitalu. Alizitoa zile pakiti mbili, akafuta udongo kwa kidole gumba. Tarehe ilikuwa ile ile aliyoitaja Kimotho.

Alikaa hapo mpaka mama alipomwita. Alijiambia kwamba makaa ya senetwet yangeua hizo bakteria. Si Kogo mwenyewe alisema moshi hauachi kitu? Alhamisi alikwenda hadi mlangoni pa Kogo akitaka kusema. Alimkuta akishona ukosi wa nguo ya sherehe na kuimba polepole, akarudi.

Ijumaa Kogo alionja mursik, kama ilivyo kawaida kabla ya wageni kufika. Alikunywa kikombe kizima na kusema yametoka vizuri. Jumamosi asubuhi Mama Mongina alimkuta sakafuni, ametapika, mwili unachoma, hawezi kusimama.

Walimpeleka kwenye kituo cha afya kwa pikipiki, Kogo akiwa katikati, ameegemea mgongo wa dereva, mama akimshika kwa nyuma. Mongina alifuata mbio kwa miguu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Nyathira. Alimtundikia Kogo dripu, kisha akauliza amekula nini.

"Ugali na mboga," Kogo alijibu kwa shida. "Na mursik kidogo."

"Maziwa yalitoka wapi?"

"Kwa Kipngetich. Ng'ombe yule ninamjua."

Daktari alimgeukia mama. "Basi itabidi huyo Kipngetich aache kuuza maziwa mpaka tujue. Wengine pia wanaweza kuugua. Mna namba yake ya simu?"

Mama alianza kuitafuta. Mongina aliona kidole chake kikishuka kwenye majina. Kipngetich alikuwa na watoto watano na ng'ombe mmoja. Na nyumbani, Kiplimo, wenzake na shangazi yake walikuwa pengine wamefika.

"Si Kipngetich," Mongina alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Maziwa yake niliyamwaga njiani. Niliyoleta ni ya pakiti, yale yaliyotangazwa. Niliangalia tarehe. Nilijua tangu Jumatano."

Mama aliacha kutafuta namba ya Kipngetich. Alimpigia Kiplimo. Simu iliita muda mrefu bila kupokelewa, akapiga tena.

"Ndiyo, vikombe viko mezani," Kiplimo alisema alipopokea. "Shangazi anakitikisa kibuyu sasa hivi. Kwani Kogo yuko wapi?"

"Msimimine," mama alisema. "Mtu yeyote asionje. Mwambie shangazi akiweke chini anawe mikono."

Kiplimo aliwafuata, akapokewa kwa maji ya kunywa, katika ua wa kituo cha afya, na hakuna aliyeimba.

Kogo alilazwa siku kadhaa. Aliporudi alikuwa amekonda, na alitembea akishika ukuta. Daktari alikuwa ameeleza kwamba makaa na moshi hukausha kibuyu na kuleta ladha nzuri, lakini haviui bakteria zote, na kwamba maziwa yanafaa kuchemshwa kwanza. Kibuyu kile nacho hakingeweza kuoshwa kikawa salama ndani. Kiplimo alikichoma nyuma ya jikoni. Kogo alikaa kwenye kigoda akitazama mpaka kikaisha.

Mongina alisimama mbali, akilia.

"Njoo hapa," Kogo alimwita. "Unalilia kibuyu?"

"Ninalia kwa sababu yako."

"Mimi pia nina kosa. Nilikuambia moshi unatosha, na hautoshi. Sikujua. Lakini wewe ulijua." Kogo alipumzika kidogo. "Kumwaga maziwa si kosa. Nimemwaga mengi kuliko wewe. Ungeniambia Jumatatu ningenuna mpaka asubuhi, basi. Ungeniambia Alhamisi ningemwaga ya kibuyuni, na nisingelala hospitali. Sikiliza, mtoto wangu. Ukijua jambo linaloweza kumdhuru mtu, hilo si siri yako tena. Ni la yule mtu. Unampelekea siku hiyo hiyo, hata kama utachapwa."

"Nimesikia, Kogo."

"Kimotho anapita nyumba kwa nyumba kuwauliza walionunua. Nenda naye. Wewe unaweza kuwaeleza vizuri kuliko yeye."

Mongina alikwenda. Katika nyumba ya kwanza, upande wa juu wa shamba la chai, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisikiliza yote, kuhusu kopo, kibuyu na Kogo. Hakumlaumu, wala hakumpa pole. Aliingia ndani akakaa kidogo, kisha akatoka na pakiti iliyofunguliwa, nusu imebaki, akamkabidhi Mongina kwa mikono miwili.