Kisima Chenye Sakafu

Simu iliita mara moja, ikakata. Ikaita tena.

"Chai," ilisema sauti nzito.

"Ya saa ngapi?"

"Sasa hivi. Bila sukari. Umenisikia, Mke Mwenza? Bila sukari kabisa."

Chai maana yake ingia. Bila sukari maana yake usiue. Mkuu wake, ambaye kazini aliitwa Mjomba, alirudia hilo la sukari kwa sababu alimjua vizuri binti huyu na wepesi wa mkono wake.

Hilo jina la Mke Mwenza alipewa na wenzake idarani. Hakuna nyumba aliyowahi kuingia, amani ikabaki.

Aliegesha pikipiki yake nyeusi ya Yamaha, akavaa kofia ngumu ya njano, akatundika pampu begani na kinusa gesi kifuani, kile kipimo kinacholia kikikuta mvuke wa hatari. Kisha akagonga geti la karakana ya malori.

"Mpima maji," alimwambia mlinzi.

Mlinzi hakumtazama mara mbili. Nani ahangaike na mpima maji?

Nyuma ya bohari ya matairi, chini ya ardhi, palikuwa na tangi kuukuu. Petroli ya magendo ilifichwa humo, kisha ikauzwa ng'ambo ya mpaka kwa genge lililokuwa likijiandaa kuanzisha vita. Tangi lilikuwa limetoboka. Petroli ikazama, ikaingia kwenye maji ya chini, ikapita nayo chini ya ukuta hadi kwenye visima vya majirani.

Jirani mmoja alikuwa mama yake Mke Mwenza.

Mama huyo alikuja hapa getini na ndoo yake, kulalamika kwamba maji yananuka. Meneja akainusa ndoo, akacheka mbele ya umati.

"Mama, maji hayana neno. Ndoo yako ndiyo chafu. Kaioshe."

Kumwambia hivyo yeye! Mwanamke aliyesugua sufuria mpaka unahesabu meno yako ndani yake! Akarudi nyumbani kichwa chini. Kila asubuhi akaisugua ile ndoo, akachota tena, akanywa, mpaka figo zikagoma. Alikufa akiwaomba radhi wageni kwa uchafu ambao hakuwa nao.

Na leo jioni petroli ingepakiwa kwenye lori, kisha tangi lijazwe zege. Likishazikwa, ushahidi umezikwa. Mama angebaki mchafu milele.

Mke Mwenza alisaga meno, kisha akatabasamu. Meneja alikuwa anakuja.

Harufu ilimtangulia. Mafundi walimwita Marashi, maana alijimwagia manukato kama maharusi watatu.

"Karibu, dada mtaalamu! Chovya kichupa chako hapo, twende ofisini ukanywe kitu baridi. Wenzako wote hufanya hivyo."

Alionyesha bomba jembamba lililozamishwa ardhini, lenye kifuniko cha chuma. Kisima cha uchunguzi. Kazi yake ni kupeleleza maji ya chini, siku nzima, bila mshahara.

"Wenzangu walikuwa na kiu, mkubwa. Mimi natoa kwanza maji yaliyolala, nipime yale mapya yanayoingia."

"Ya nini kujichosha na jua hili?"

"Nimezoea."

Akashusha mpira wa pampu bombani. Akawasha pampu.

Maji yakatoka, meupe, yanapendeza. Yakapungua. Pampu ikakohoa, ikavuta hewa.

Kisima kimekauka!

Akateremsha kamba yenye chuma kizito nchani. *Ko.* Akateremsha tena. *Ko.* Saruji.

"Makubwa haya," alisema. "Visima vya watu vina maji. Chako kina sakafu."

Ndiyo hivyo. Marashi alikuwa ameliziba bomba chini kwa saruji, akalijaza maji ya kunywa kama mtungi. Kila mpimaji alipima mtungi wake akaenda zake.

Tabasamu la Marashi likafa. Bastola aina ya Glock ikatoka kiunoni.

Pampu ikaruka kabla yake, ikampata ugokoni. Risasi ikapotea, ikatoboa tairi. *Psss.* Mafundi wakalala chini kama mikeka.

Mke Mwenza alikuwa tayari anakimbia. Akapita kati ya malori, akatumbukia kwenye shimo la ukaguzi, lile ambalo fundi husimama ndani yake kutazama tumbo la gari. Mkono wake wa kushoto ukaingia mfukoni, ukatoka umekunja ngumi.

Marashi akashuka ngazi, bastola mbele.

"Mwisho wako, dada."

"Wetu, mkubwa. Sikiliza."

Kinusa gesi kilikuwa kinapiga mayowe. Taa yake ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi.

"Mvuke wa petroli hushuka," alisema, ngumi kifuani. "Hujaa mashimoni. Tuko ndani yake mpaka shingoni. Cheche moja tu, watatuzoa kwa ufagio."

"Uongo! Sisikii harufu."

"Utaisikia wapi, na duka zima la manukato ulilojipaka?"

Marashi akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Alisikia maua tu.

"Piga." Mke Mwenza akasogea hatua moja. "Piga basi! Mimi nina mama huko. Wewe unakwenda kwa nani?"

Kinusa gesi kikazidi kulia.

Marashi akainama, akailaza bastola sakafuni polepole, kama anayelaza mtoto mchanga.

Teke. Goti. Pingu.

Ndipo Mke Mwenza akafungua ngumi. Kipande cha pamba, kimelowa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Akakitupa mbali. Kinusa gesi kikanyamaza.

Shimo lilikuwa safi.

"Umekidanganya kipimo!" alifoka Marashi.

"Nimesoma kwako."

Redio yake ya mkononi ikakwaruza. "Mke Mwenza, hali?"

"Tangi lipo, zege bado. Mkifika, lori la kubebea petroli lifungieni getini."

"Na mtu wetu?"

"Mzima, Mjomba. Suruali yake tu ndiyo imelowa."

Hakumpeleka getini moja kwa moja. Alimpitisha ofisini, kwenye kipaza sauti cha kuitia madereva, kile kinachosikika mtaa mzima.

"Waambie majirani."

"Niwaambie nini?"

Akamnong'oneza. Kisha akamkaba ukosi.

"Msi... msinywe maji ya visima," alisema Marashi, sauti ikitetemeka juu ya mapaa. "Yana petroli. Petroli ni yangu."

"Endelea."

"Na yule mama... ndoo yake ilikuwa safi."

"Hawajasikia."

"NDOO YAKE ILIKUWA SAFI!"

Milango ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine. Kina mama wakatoka, wengine na mwiko, wengine na mchi, wakielekea karakana bila haraka.

Mke Mwenza akamfunga Marashi kwenye nguzo ya geti, akaliacha geti wazi, akapanda Yamaha.

"Mke Mwenza!" redio ililia. "Gari letu limekwama njiani. Nilisema awe hai!"

"Nimemwacha hai, Mjomba," alisema, akivaa glavu. "Ya kina mama siyajui. Mimi ni mpima maji tu."

Akapiga gia, akaondoka.