Chiriku Mkononi mwa Mtoto

Ijumaa Kuu. Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka mpira na sigara. Sauro alitandaza ramani ya kanisa juu ya tairi kuukuu.

"Saa sita na nusu mtunza kanisa anakwenda kula. Ibada ni saa tisa. Kufuli la mlango wa nyuma hata mama yangu angelifungua."

"Ndiye aliyekufundisha," alisema Loredana, dereva.

Duilio hakucheka. Alikuwa fundi wa fremu, na ndiye pekee aliyejua jinsi ule ubao wenye picha ya Bikira Maria na Mtoto Yesu ulivyofungwa ukutani. Aliufunga mwenyewe, miaka ishirini iliyopita. Mwaka huu padri mpya alimpa kazi ya kuutunza mtu wa mjini, bila hata kumsalimu. Hasira hiyo ndiyo iliyomleta gereji.

"Ubao utoke mzima," alisema. "Ndilo sharti langu."

"Mzima kama yai, fundi."

Saa 6:40 mchana.

Mitaa mitupu. Madirishani harufu ya dengu na samaki chewa. Kanisani, kamba ya kengele ilikuwa imeviringwa na kufungwa kwenye ndoano. Tangu jana kengele zilinyamazishwa kumwomboleza Bwana; zisingelia hadi kesho usiku.

"Leo hata kengele zimefumbwa mdomo," Sauro alinong'ona.

Duilio alilegeza skrubu sita. Wakaushusha ubao, wakaulaza juu ya viti. Akaondoa kitambaa cha zambarau kilichoufunika kwa Kwaresima.

Pichani, Mtoto alimshika chiriku kwa vidole laini. Usoni mwa ndege, doa jekundu. Zamani, Duilio akiwa mdogo, mama yake alikuwa akimnyanyua alione. Ndege huyu alichomoa mwiba kwenye taji la Bwana, alimwambia, damu ikamrukia. Mtoto anajua ameshika kifo chake.

"Mbona hamwachii?" Duilio mdogo aliuliza.

"Akimwachia, sisi tutabaki na nani?"

Saa 6:58.

Sauro alifungua mfuko. Akatoa msumeno na chaki, akachora mstari kati ya shavu la mama na la mtoto.

"Ulisema mzima!"

"Buti la gari ni dogo, fundi. Na wanunuzi ni wawili: huyu anataka mama, yule anataka mtoto."

"Loredana, ulijua?"

"Mimi najua barabara tu, mzee wangu." Alikuwa akilinda mlango; akageuka kutazama nje.

Meno ya msumeno yaliuma ukingo wa juu wa ubao. Unga mweupe ukamwagika sakafuni. Duilio aliuhisi msumeno mbavuni mwake.

"Acha! Kuna msumari humo, utavunja meno. Nikalete koleo."

"Fanya haraka."

Alitembea polepole hadi chini ya mnara. Alijua anakwenda jela. Akafungua kamba, akaning'inia kwayo kwa uzito wake wote.

Kengele ililia. Ijumaa Kuu, kengele ililia!

Madirisha yalifunguka kwa kishindo. Saa 7:02 mji mzima ulikuwa uwanjani, leso za chakula shingoni. Loredana aliondoa gari, akamwacha Sauro ngazini, mikononi mwa wanawake wenye miiko.

Mtunza kanisa alifika akihema. Hakuutazama ubao. Hakuutazama msumeno.

"Duilio! Kengele, leo? Huna haya?"

"Sina."

Polisi walimfunga pingu. Mlangoni alisimama, akageuka.

"Mwambieni padri jeraha la ubao lina kina cha kidole kimoja tu. Alijaze kwa gundi ya kuchemsha ngozi. Siyo hii ya dukani."