Odette na Makaa Yenye Njaa

Odette huamka mapema. Kabla ya kuchemsha chai, huenda kuangalia mboga zake. Bustani yake iko nyuma ya nyumba, hapa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura. Analima lengalenga, yaani mchicha. Nyingine wanakula nyumbani na bugali, nyingine anauza kwa majirani. Watoto wake, Trésor na wadogo zake, wanashiba kwa lengalenga hizo.

Lakini kiwanja si chake. Ni cha Hamoud, mfanyabiashara mwenye duka mjini. Hamoud ni mtu mwema, ila hapendi kuona kitu kikikaa bure. Mwaka huu mboga zilikuwa dhaifu. Udongo ni wa mchanga. Ukimwagilia asubuhi, mchana umekauka. Siku moja Hamoud alipita, akatikisa kichwa.

"Mama Trésor, hii udongo imekufa," alisema. "Baada ya Idi nitaleta fundi, tujenge depo ya bidhaa hapa. Lakini nikikuta mboga nzuri, wallahi, nitawaachia."

Odette alishika tama. Bila bustani, watoto wangekula nini na bugali?

Mume wake anaitwa Cirimwami. Anauza makaa, au makala kama wanavyosema kwao. Alizaliwa Walungu, kwenye milima ya Kongo. Yeye huamini kwamba mtu wa mlimani hafundishwi kulima.

"Mi nilisikia ku radio," alisema. "Wataalamu wanatia makala mu udongo. Na kwetu Walungu tunatupa majivu ku migomba. Ndizi zinanenepa! Vumbi ya makala tuko nayo mingi. Tunangojea nini?"

"Radio ilisema tunatia namna gani?" Odette aliuliza.

"Pale ndiyo kuran ilikatika."

Basi wakafanya bila kungoja umeme urudi. Walimwaga vumbi kavu la makaa. Juu yake wakamwaga majivu ya jikoni, ndoo kwa ndoo. Bustani ikawa nyeusi. Cirimwami akasimama katikati, mikono kiunoni, kama gavana anayefungua barabara.

Mbegu ziliota. Halafu majani yakaanza kuwa ya manjano. Halafu miche ikadumaa kabisa. Odette aliacha hata kwenda kuitazama, maana ilimuumiza moyo.

"We na Walungu yako!" alimwambia mume wake.

Katika nyumba ya tatu kutoka kwao anaishi Médiatrice. Yeye ni mtafiti wa udongo. Kila siku walimsalimia, wakamuuliza habari za watoto na habari za kazi. Habari za udongo hawakumuuliza hata mara moja. Kuuliza si ujinga, lakini kwa Cirimwami kulikuwa kuzito kuliko gunia la makaa. Odette aliona afadhali aende mwenyewe.

Médiatrice alikuja jioni hiyo. Alichukua udongo, akaufinya mkononi. Akautia kidogo katika maji, akaupima kwa karatasi inayobadilika rangi. Odette alimtazama kama mtu anayengoja jibu la daktari.

"Dada, niambie ukweli. Udongo imekufa?"

"Apana, Mama Trésor. Haikufa. Iko na njaa tu. Na makala yenu nayo iko na njaa."

Odette alishusha pumzi ndefu. Akakaa juu ya ndoo. Njaa ya udongo ina dawa. Kifo hakina.

"Makala inakulaka?" Cirimwami aliuliza.

Médiatrice alicheka. "Makala iko na matundu madogo madogo, jicho haiwezi kuyaona. Ukiitia kavu, inanyonya chakula ya mboga. Mboga inabaki na njaa, inakuwa manjano. Kwa hiyo makala ishibe kwanza. Changanya na mbolea ya mbuzi na maji. Funika, uache wiki mbili ao tatu. Ikishiba, inashika maji na chakula, mizizi inakuja kuchukua polepole. Mu mchanga kama huu inasaidia sana."

"Na majivu?" Cirimwami aliuliza tena. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Baba Trésor, udongo nyekundu ya Walungu iko na asidi mingi. Majivu inapunguza asidi, ndizi zinafurahi. Hapa mu bonde ya Rusizi nimepima, asidi ni kidogo sana. Majivu mingi inaharibu. Ulisema kweli, lakini kwenu, si hapa."

Cirimwami alitabasamu kidogo. Hakuna aliyemwita mjinga.

"Hata sisi watafiti tulibadilika," Médiatrice aliendelea. "Zamani tulikuwa tunauliza: makala inasaidia udongo? Sasa tunauliza: makala ya nini? Udongo gani? Kiasi gani? Mahali pamoja inasaidia, mahali pengine hailete kitu, pengine inaharibu. Na kuna mambo hatujajua bado."

"Sasa tufanye nini?" Odette aliuliza.

"Musikate miti. Chukueni maganda ya mpunga ku mashine ya kukoboa. Muyachome mu pipa, hewa iingie kidogo. Yakiwa nyeusi, muzime na maji kabla hayajageuka majivu. Muyaloweshe kila mara, vumbi isiingie mu kifua. Na mujaribu kwanza tuta moja. Tuta ya pili mutie mbolea tu, mulinganishe."

Idi ilikuwa bado miezi miwili. Cirimwami alibeba maganda mwenyewe. Aliyachoma, akayazima, akayakoroga na mbolea ya mbuzi. Harufu ilifika njiani.

"Baba Trésor, unapika nini?" majirani walimtania.

"Ninalisha makala!" alijibu, akaendelea kukoroga.

Makaa yaliposhiba, waliondoa tabaka la majivu, wakayachanganya na udongo wa tuta moja, wakapanda. Kwenye tuta la pili walitia mbolea peke yake. Lengalenga za tuta la pili ziliota vizuri, lakini mchana zilinyauka. Zile za tuta la makaa zilisimama wima, majani mapana, kijani kibichi. Odette alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Hamoud aseme neno lake.

Idi ilipita. Hamoud akaja na fundi mwenye futi mkononi. Jua lilikuwa kali.

Hamoud alitazama mboga. Akainama, akachomeka kidole katika tuta la makaa. Kidole kilitoka na udongo wenye unyevu.

"Umemwagilia saa hii?"

"Apana, mzee. Asubuhi tu."

Hamoud alifuta kidole. Kisha akamgeukia fundi. "Kunja futi yako. Twende tuone kiwanja ingine." Akamwambia Odette, "Mulime, Mama Trésor. Mulime tu. Alhamdulillah, mi ndiye niliyekosea."

Walipoondoka, Odette alikaa chini kati ya matuta. Machozi yalimtoka. Cirimwami alichuchumaa karibu naye.

"Mama Trésor, unalia nini tena? Si ametuachia?"

"Silii," Odette alisema, huku akijifuta na kitenge. "Hii kiwanja nilikuwa nimeibeba ku kichwa. Sasa nimeitua."