Mikono Ambayo Haikunawa

Edith, binti wa Papa Mukuka, alikuwa jirani yetu wa mtaa wa Bel-Air, nyumba ya tatu kutoka bombani. Alinisimulia haya mara moja tu, mchana kweupe, huku akipepeta mchele, na hakuacha kupepeta hata alipofika pabaya.

Mwaka ule kampuni ya migodi ilikuwa inaanguka. Edith alikaa dirishani kwenye zahanati ya wafanyakazi, mbele ya kompyuta yenye fomu moja. Mgonjwa akifika, alitaja namba yake ya kazi; Edith akaiandika, na fomu ikaleta jina na picha. Ikikubali, mgonjwa anaingia kwa daktari. Ikikataa, anarudi nyumbani na homa yake. Jumatano hiyo alianza kazi kama siku zote, akala mkate wake, akataniana na Mama Ngalula mfagizi.

Saa nne akaingia mkurugenzi, Constantin, na karatasi yenye majina mia tatu na kumi na mawili. Wote walikuwa wameachishwa kazi. Hakutaka kuwaona tena pale dirishani.

Sasa sikieni ujanja wa mtu aliyesoma. Ndani ya mashine mlikuwa na orodha mbili. Moja ya wazima, na humo ndimo fomu ilimosoma. Nyingine ya marehemu, ambayo Edith aliitunza kwa heshima, maana zamani mfanyakazi akifa kampuni ilitoa sanduku na lori la kwenda makaburini. Constantin aliamuru majina yale yote yaandikwe kwa marehemu, tarehe moja, Ijumaa iliyopita. Kisha fomu ibadilishiwe chanzo, isome kwanza orodha ya wafu. Ikimkuta mtu humo, basi, mlango umefungwa, na maiti haigombani na mtu.

"Patron, bale bantu beko bazima," Edith alinong'ona. "Papa wangu iko mule."

"Kwa kampani, balikufa. Bonyeza."

Papa Mukuka mapafu yake yalikwisha kuliwa na vumbi la mgodi. Kila Ijumaa alikuja kuvuta oksijeni, na bila hiyo Jumapili asingeiona. Constantin alijua. Edith alitamani kumtupia ile kompyuta usoni. Lakini akabonyeza, kwa kuwa aliogopa jina lake lisije likafuata, na hasira ya woga wake huo hajawahi kuimeza. Mkurugenzi akafunga kila kitu kwa neno lake la siri.

Mama Ngalula aliacha kufagia. "Mulizika bantu mia tatu," alisema polepole, "na hakuna mwenye kunawa mikono."

Kwetu anayetoka kuzika hunawa mlangoni kabla hajaingia ndani. Asiponawa, kifo kinaingia naye. Constantin alicheka, akaenda kula.

Alhamisi alikuja fundi David, seremala, anatetemeka kwa malaria. Fomu ikamkataa: marehemu.

"Mama, minafanya miaka makumi mbili na sita mu kampani," alisema. "Leo munasema nilikufa?"

Edith aliusogelea uso wa kompyuta. Alikuwa anaitazama picha. Aliipiga yeye mwenyewe, na fundi David alikuwa ameyakodoa macho kama mtoto. Sasa yalikuwa yamefumba. Akafungua ya pili kwenye ile orodha. Yamefumba. Ya kumi. Yamefumba. Saa nane watu walikuja kusema kwamba fundi David ameanguka njiani, kabla ya kufika kwake mtaani Annexe, na hakuinuka.

Ijumaa asubuhi alifungua picha ya baba yake. Macho yalikuwa nusu.

Papa Mukuka alikuwa nje, kwenye benchi, akivuta pumzi vipande vipande. Muuguzi aligoma: fomu imekataa. Edith akajaribu kurudisha chanzo. Mashine ikadai neno la siri. Akatazama tena ile picha. Robo.

Hapo woga ulimtoka. Alimfuata Constantin ofisini, akamkamata tai.

"Kuja uirudishe. Papa wangu anakufa."

"Edith, uko wazimu? Ni machine tu!"

Alimburuta hadi dirishani, watu wote wakiona. Mama Ngalula alikuwa amesimama pale na beseni la maji. Constantin akajifanya kucheka. Akaandika namba ya Papa Mukuka kwa mkono wake wenye pete ya dhahabu, awaonyeshe ujinga wao.

Fomu ikaleta picha ya Constantin.

Macho yamefumba. Chini, tarehe ya leo.

Hakucheka tena. Akakosea neno la siri mara mbili. Mara ya tatu likakubali. Chanzo kikarudi kwa wazima. Kwenye picha, Papa Mukuka akafumbua macho, na wale wengine wakafuata, isipokuwa fundi David. Nje mzee akakohoa, akamwita binti yake, na muuguzi akaleta chupa ya oksijeni.

"Sasa unawe," Mama Ngalula alinong'ona.

"Peleka bupumbafu yako kule!"

Constantin akalipiga beseni teke, akatoka, akapanda gari kuelekea uwanja wa ndege wa Luano kuwahi ndege ya saa tisa. Gari lilikutwa uwanjani, mlango wazi, injini inanguruma. Kwenye ndege hakupanda. Nyumbani hakurudi. Na sisi hatukumlilia, msinitake nidanganye. Mtu aliyewazika wenzake wakiwa wanapumua, nani amlilie?

Jumatatu Edith alifuta majina yale kwenye orodha ya marehemu, moja moja. Alimwacha fundi David, maana huyo alikuwa amekufa kweli. Chini yake ikabaki rekodi moja ambayo hakuna aliyeiandika. Haina jina. Haina namba. Ina picha ya mikono miwili yenye udongo mwekundu hadi kwenye viwiko, na kidole kimoja kina pete ya Constantin. Aliifuta. Ikarudi. Hata kompyuta zilipouzwa, aliyeinunua ile alikuja kuuliza ile mikono ni ya nani.

"Mi niko mwenye kubonyeza," Edith aliniambia, akaweka ungo chini. "Yeye alisema tu."

Akainuka kunawa kabla ya kupika. Mikono yake ilikuwa safi, ina unga mweupe wa mchele tu. Maji nilimmiminia mimi, nilikuwa nimetoka kuyateka bombani, safi kabisa. Yaliyoangukia kwenye beseni yalikuwa mekundu.