Rasmila, Baiskeli na Mkeka wa Kaka

— Umetazama nini hapo?

Rasmila alikuwa chini, mguu umenaswa kwenye baiskeli, helmeti imemziba jicho moja.

— Nimetazama jiwe, Kaka Bijen.

— Ndiyo maana limekupata. Baiskeli inakwenda macho yanakokwenda. Ukilitazama jiwe, utalivaa. Tazama njia iliyo pembeni yake, utapita.

— Rahisi kusema ukiwa umesimama kwa miguu yako.

Bijen alicheka, akainua baiskeli. Rasmila alimwacha ainuke mwenyewe, kama alivyofanya kwa wanafunzi wote.

Hiyo ilikuwa Jumamosi, msitu wa Godawari, juu ya mji wa Patan, Nepal. Bijen alikuwa na karakana ya baiskeli mjini, na siku za mapumziko aliwapandisha mlimani watu wanaoanza. Rasmila alinunua baiskeli ya mlimani kwa sababu wenzake kazini walimwambia hawezi. Alianza vibaya kama wote: kiti kiko juu, makalio yameganda kwenye kiti, breki ya mbele anaikaba kwa kiganja kizima. Bijen akamfundisha kushusha kiti kabla ya mteremko, kusimama juu ya pedali na magoti yamelegea, kurudisha mwili nyuma, na kukamata breki kwa vidole tu, kidogo kidogo. Wanafunzi wengine masomo hayo waliyamaliza upesi. Ya Rasmila yaliendelea mpaka mvua zikakatika, na hakuna aliyelalamika.

Bijen alimpenda. Tuseme ilivyokuwa. Alimpenda na akanyamaza, kwa sababu yeye ni Mtamang, kabila la milimani, tena mwenye mikono ya grisi, Rasmila ni Mnewari wa nyumba ya zamani ya Patan, na kila alipofungua mdomo binti huyo alianza na "Kaka". Asichojua ni kwamba Rasmila alikuwa akiosha ile baiskeli kila jioni huku anaichekea simu, na Mama Rasmila yuko dirishani anaona yote.

Mama Rasmila alikuwa mjane, na mtoto wake ndiye huyo mmoja. Hakugomba wala hakuuliza. Alipiga simu karakana.

— Bijen, mwanangu, ni Mama Rasmila. Wewe huna dada, sivyo?

— Sina, mama.

— Na Rasmila hana kaka. Sikukuu ya Tihar hii, siku ya tika ya kaka, njoo nyumbani akuweke tika. Maua nimeshaagiza.

Ukishaketi kwenye mkeka wa tika, binti akakuzunguka akidondosha mafuta na kukupaka tika, alama ya rangi saba, kwenye paji la uso, wewe ni kaka yake mpaka unakufa. Kumuoa hata ukiwaza tu ni aibu. Na kumkatalia mama wa watu mwaliko kama huo ni sawa na kumtukana.

— Nitakuja, mama.

Jioni ikaingia meseji ya Rasmila: "Mama anasema umekubali tika. Kweli?"

Akaandika "Sikujua niseme nini", akafuta. Akaandika "Kweli."

"Sawa, Kaka."

Bijen akaamini kwamba wazo lilikuwa la Rasmila. Rasmila akaamini kwamba Bijen anamwona dada. Watu wazima wawili, kila mmoja na simu mkononi, wakashindwa kuulizana swali moja.

Jumamosi kabla ya sikukuu, Rasmila alifika msituni na hasira zake. Hakusubiri maelekezo. Alishusha kiti, akauvamia mteremko wa mizizi uliokuwa ukimwangusha siku zote, mwili nyuma, macho mbele, akafika chini mzima. Bijen alimkuta anahema.

— Umeshuka vizuri sana.

— Basi nimehitimu, sina haja ya mwalimu tena. Tutaonana kwenye tika, Kaka.

Akageuza baiskeli, akaondoka bila kuangalia nyuma.

Siku yenyewe Bijen alifika na shati jipya na kofia ya sikukuu. Mkeka ulikuwa umetandikwa, mashada ya maua tayari, sel roti, maandazi ya pete ya unga wa mchele, zimepangwa kwenye sinia. Kizingitini kulikuwa na kokwa ya jozi yenye ganda gumu na jiwe la kuipasulia, kama dada wafanyavyo kuvunja mabaya yanayomnyemelea kaka. Bijen akaketi. Rasmila akaja na chombo cha mafuta, akasimama mbele yake, hakuzunguka.

— Bijen.

Mama Rasmila aligeuka. Lile "Kaka" halikuwepo.

— Unatazama nini?

Bijen alikuwa ameinamisha kichwa.

— Jiwe.

— Aliyenifundisha mimi alinikataza kulitazama.

Bijen akainua macho, akamtazama yeye. Kisha akasimama, akatoka kwenye mkeka.

— Mama, nisamehe. Kwenye simu niliona aibu kukataa. Siwezi kuwa kaka wa Rasmila. Nampenda.

Mama Rasmila akamgeukia binti yake.

— Na wewe?

— Na mimi, mama. Tangu mvua zile.

Mama akakaa juu ya kiti.

— Nilitaka kijana katika nyumba hii. Bijen, ukimchukua huyu, mimi nabaki na nani? Na kuta?

— Ulitaka kijana, mama, kijana ni mimi. Nitakuja hapa kila siku mpaka unichoke. Ila si kwa mkeka huu.

Mama Rasmila akafuta machozi kwa ncha ya sari. Akainuka, akaukunja mkeka mwenyewe. Akaiokota ile kokwa ya jozi, akaipasua kwa jiwe, nusu akampa Bijen, nusu akampa binti yake.

— Kuleni. Leo kokwa hii ni chakula tu.

Sikukuu ya Dashain iliyofuata, wakiwa wameshaoana, aliwaketisha wote wawili, akawabandika kwenye paji la uso tika nyekundu ya mchele, ile ambayo mama huwawekea binti na mume wake. Yeye mwenyewe baiskeli hataki hata kuigusa. Lakini kila Jumamosi anasimama mlangoni, na wawili hao hawatoki kabla hajauliza.

— Mkwe, kiti cha mwanangu umekishusha?

— Nimekishusha, mama.

— Haya. Na mrudi kula.