Ngoma Ndani ya Milango ya Pijo

Haya yalimpata shemeji yangu Wabwire, ndugu mkubwa wa mume wangu Simiyu. Nimeomba kabla ya kushika kalamu. Sikusoma sana, kwa hiyo nitayasema jinsi yalivyokuja, moja nyuma ya lingine.

Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi zote, mwaka wa 1975. Tulikuwa tukikaa Mamboleo, ukitoka Kisumu mjini unapanda kidogo. Mimi nilikuwa naanika omena, dagaa wa ziwani, nyuma ya nyumba, Simiyu alikuwa anapiga pasi suti yake ya kanisa kwenye baraza, na Wabwire alikuwa ameegesha gari lake kwenye kivuli, Pijo rangi ya maziwa, milango yote miwili ya mbele amebandua ubao wa ndani. Alikuwa fundi wa redio. Mikono yake ilikuwa na baraka, ulimi wake haukuwa nayo. Mteja akileta redio iliyokufa, Wabwire alimuuliza kama amebeba na sanda.

Gari hilo lilikuja na spika moja ndogo, sauti yake kama mtu anayeongea ndani ya debe. Wabwire alitaka muziki wa kuumiza majirani. Alikuwa amepata mashine ya kaseti na spika mbili kubwa zilizong'olewa kwenye radiogramu. Taabu ni kwamba hazikuingia mlangoni, kwa sababu kioo kikishuka kinagonga sumaku ya spika. Ilibidi atengeneze vibweta vya mbao, vya mviringo, vya kuibeba spika itokeze upande wa abiria. Alijaribu plaiwudi, ikanguruma. Alijaribu mbao za masanduku ya chai, zikapasuka kwenye skrubu.

"Shida ni kuunga," aliniambia. "Nataka mti mmoja uliochimbwa, shemeji. Mkavu, wa duara, mti ambao tayari unajua sauti."

"Basi katafute mzinga wa nyuki," nikamwambia.

Akacheka, halafu akaupima mlango kwa shubiri. Nikamwona anafikiri.

Wiki iliyofuata alirudi kutoka nyumbani kwao, upande wa Port Victoria, na ngoma ya ukoo. Mama yake, Mama Nakhungu, alikuja nayo. Hakualikwa. Alikuwa amekataa kuiachilia, basi Wabwire akamwingiza kiti cha nyuma pamoja nayo, miguu mitupu, macho yake karibu hayaoni tena, ameikumbatia.

Lazima nieleze ngoma hiyo. Katika ukoo wa mume wangu kila mtoto aliyezaliwa alipewa mdundo wake. Mdundo huo haukupigwa hata siku moja mpaka mwenyewe afe. Siku hiyo mlinzi wa ngoma aliupiga kwa viganja, na watu wa ng'ambo ya mto Nzoia walijua nani amekwenda kabla mtu hajatumwa. Asiyetangazwa na ngoma, walisema, waliomtangulia hawampokei. Anazunguka tu nje ya boma lao. Mimi ni mtu wa kanisa, sikuamini. Mama Nakhungu ndiye aliyekuwa mlinzi, na alijua midundo yote, ya waliokufa na ya walio hai.

"Wabwire mwanangu, ngoja nife kwanza," alinong'ona. "Ikishanitaja, ipasue unavyotaka."

"Mama, wewe unakufa tangu wakati wa mkoloni," Wabwire akamjibu. "Siku hizi kuna redio. Nitakutangaza mpaka Uganda wasikie."

Agneta, mke wa Wabwire, akacheka. Simiyu akatabasamu. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa na namna ya kusema.

Aliikata kwa msumeno mbele ya mama yake. Kipande cha juu mlango wa kushoto, kipande cha chini mlango wa kulia. Ngozi akaikata pete nyembamba, akaziweka kati ya spika na mbao ili zisitetemeke. Ilikuwa kazi safi, siwezi kusema uongo. Viungo vilikaa kama vimezaliwa hapo.

Mama Nakhungu hakulia. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kupiga paja lake kwa viganja. Polepole. Mbili, kimya, tatu za haraka, kimya kirefu, moja.

Simiyu, aliyekuwa tena anapiga pasi nguo za kanisa, akaiacha juu ya suruali ikaungua. Alimkimbilia akamshika mikono yote miwili. Usoni alikuwa amepauka.

"Mama alikuwa anapiga nini?" nikamuuliza Simiyu jioni.

Akachukua suruali iliyoungua akaenda kuitupa.

Mama Nakhungu alirudishwa nyumbani, na hakumaliza mwezi. Tulienda kumzika. Hapakuwa na ngoma, na watu wa ng'ambo hawakujua. Ndipo Wabwire akafanya alilofanya. Alisogeza Pijo mpaka mlangoni pa nyumba yenye maiti, akafungua milango yote miwili, akaweka kaseti ya rumba, akaongeza sauti mpaka kuku wakakimbia.

"Nilimwahidi," akasema.

Watu wakaja. Walikuja wakicheza. Walidhani ni harusi. Vijana walishuka kilima wakitikisa mabega, mwanamke mmoja amebeba chupa kichwani, akazungusha kiuno mpaka ndani ya nyumba, na ndani akamkuta mama amelazwa, vidole vya miguu vimefungwa pamoja. Alitoka bila chupa. Wabwire alikuwa ameinama kwenye usukani, anacheka mpaka machozi.

Tulirudi Kisumu. Ilikuwa Jumapili, tumetoka ibadani, jua la saa sita linachoma mabati. Pijo limezimwa, funguo ziko mezani kando ya ugali. Tukasikia mdundo.

Ulitoka kwenye gari. Mlango wa kushoto ulipiga mbili. Ukanyamaza. Ukapiga tatu za haraka.

Mkono wa Simiyu ulibaki hewani na tonge. "Ni wako," akamwambia ndugu yake. "Mama alikuwa anapiga wako."

Wabwire hakuwa mwoga. Alitoka, akakata nyaya za betri. Mdundo ukaendelea. Akakata nyaya za spika. Ukaendelea. Akachukua bisibisi kufungua vibweta alivyovifunga mwenyewe, na skrubu hazikuzunguka. Zilikuwa zimezama. Mbao ilikuwa imefunga mdomo juu yake, kama gome linavyofunika jeraha. Alipiga nyundo. Kibweta hakikutoka hata chembe, ila ndani ya mlango kitu kilijibu pigo lake kwa pigo.

Akaona afadhali aende nyumbani ajionyeshe. Hakuna mtu wa Kisumu aliyejua midundo ile, lakini kule walijua. "Wakipata habari ya hii kabla ya kuniona," alisema, "watanilia bure." Akaunga nyaya za betri, mimi na Simiyu tukapanda naye pamoja na Agneta. Njia nzima mdundo haukukoma, nami niliomba kimoyomoyo. Tulipopita Maseno hakuna aliyegeuka. Ugunja hakuna. Lakini tulipoingia kwa watu wetu, mchana mweupe, nilimwona mama mmoja shambani akiweka jembe chini. Halafu jirani yake. Halafu shamba zima. Wakashika vichwa.

Wabwire alitoa kichwa dirishani. "Mimi huyu," akawaambia. "Nipo."

Hawakumtazama. Walitazama mlango.

Alikanyaga mafuta. Habari ilitutangulia hata hivyo, sijui kwa njia gani. Tulipofika bomani wanawake walikuwa tayari wanalia, moto wa matanga umewashwa, na upande wa kushoto wa nyumba yake vijana walikuwa wanatoa udongo wa mwisho kwenye shimo.

Akaenda kusimama ukingoni. "Nani amekufa hapa?"

Shangazi yake, Senge Milka, ndiye aliyejibu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyefuata jeneza la Mama Nakhungu bila kusikia ngoma. "Wewe," akasema.

"Senge, niguse. Mimi mzima."

"Ngoma haijawahi kusema uongo katika boma hili. Wewe umesema mara nyingi."

"Basi fukieni hilo shimo."

"Shimo likichimbwa halifukiwi tupu. Unajua. Lete koti."

Kwetu katika kaburi lililochimbwa bila maiti huzikwa mgomba, ili lisimeze mtu mwingine. Wabwire alijua hilo, na nadhani aliona afadhali yaishe. Alivua koti akamtupia. Hata alitania. "Mnifunge vizuri, huko chini kuna baridi."

Wakakata shina la mgomba lenye urefu wake. Wakalivisha koti lake. Wakalia. Walilia kweli, makamasi na machozi, naye amesimama palepale. Kisha Senge Milka akatoa wembe, akamwita Agneta.

Agneta alimtazama mumewe.

Alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini, akainamisha kichwa kinyolewe kama cha mjane.

"Agneta," Wabwire akasema. Ndiyo mara ya kwanza niliisikia sauti yake bila mzaha. "Agneta, mama, niangalie."

Nywele zilikuwa zinaanguka. Hakuinua uso. Chakula kilipogawanywa Wabwire hakuwekewa sahani. Nilitaka kumpa yangu. Senge Milka akaniwekea mkono begani, nami nikala. Udongo ulipofunika koti, milango ya Pijo ilinyamaza.

Wabwire alirudi Mamboleo na kuishi ndani ya gari, maana Agneta alifunga mlango. Wateja waliacha kuja. Mwanzoni alitukana kila mtu. Kisha akaanza kulalamikia maji. Alisema amelowa. Kulikuwa kiangazi. Nilipompelekea uji, kiti kilikuwa kimelowa chini yake, na palinuka shina la mgomba lililooza. Ngozi ya mikono yake ilikuwa laini, ina vijishimo kama sega. Kidole changu kiligusa kiganja chake, kikazama.

Tulimwita mchungaji. Aliomba akiwa mbali.

"Shemeji," Wabwire aliniambia siku ya mwisho niliyomwona. Alinong'ona. "Semeni tu kwamba nipo. Mtu mmoja aseme."

Watu walikuwa wamejaa barabarani, siku ya soko. Walikuwa wanasikiliza. Nikaitazama njia.

Kesho yake asubuhi Simiyu alimkuta. Alipomwinua kwa mabega, mabega yalikuja. Yalikuja kwa matabaka, tabaka juu ya tabaka, na maji katikati. Tulimbeba ndani ya magunia. Tulipeleka habari nyumbani, wakajibu kwamba Wabwire walishamzika. Ilibidi alazwe makaburi ya manispaa, na wasio na wenyewe, na mtu wa kujaza karatasi alituuliza jina lake mara mbili. Simiyu akasema halijulikani.

Pijo tulimpa Irungu, fundi wa bodi za magari hapo Mamboleo, alipasue achukue vipuri. Likakaa uani kwake tangu kiangazi hadi mvua za mwaka uliofuata. Siku moja, mchana, Irungu alikuja akipangusa mikono.

"Mama, hebu njoo uone kitu. Nani alikuwa anakaa ndani ya mlango?"

Alikuwa amekata milango kwa tindo, mbao za ndani ameziegemeza ukutani, upande usioonekana umetuelekea. Ubao wa mlango wa kushoto, nyuma ya pale palipokuwa na spika, ulikuwa umelika sehemu mbili, umeng'aa kama kizingiti cha zamani. Viganja viwili. Vidogo, vya mtu mzee, vidole vimejikunja kidogo.

"Na huu wa dereva," Irungu akasema.

Kwenye huo viganja vilikuwa vikubwa. Havikuwa vimelika sana, kama vya mtu aliyeanza kazi juzijuzi. Nikaweka mkono wangu juu yake kabla sijafikiri.

Ubao ulikuwa umelowa, na ulikuwa na joto.