Oili Nzito ya Sikio

Duka la vipuri lilikuwa limefurika asubuhi ile. Huyu anadai pedi za breki, yule anagonga kaunta kwa funguo, na redio inashindana na feni kupiga kelele. Katikati ya wanaume wenye mikono myeusi alisimama mwanamke wa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa ametoka kwenye cherehani mbiombio akaisahau hapohapo. Kazi yake ilikuwa kushona magauni ya harusi, na gari lake dogo la kupelekea magauni hayo lilikuwa limefikia muda wa kumwaga oili.

"Nipe ile nyepesi," alimwambia muuzaji. "Ndiyo ninayoweka siku zote."

Muuzaji alikuwa ameshainua mkono kwenye rafu, sauti ikatoka nyuma.

"Dada, usiitilie injini maji! Gari la umri kama lako hapo nje linataka oili nzito. Nzito ndiyo inayolinda."

Mshonaji akageuka. Kijana mrefu, ovaroli ya buluu iliyofifia magotini, na kujiamini kulikomzidi kimo.

"Nani kakuuliza wewe?"

"Hakuna. Warembo nawasaidia bila kuulizwa." Wanaume wakacheka. "Muulize yeyote hapa. Wananiita Sikio. Nikiisikiliza injini, najua mpaka mwenye gari kagombana na nani jana."

"Haya, mimi nimegombana na nani?"

"Bado. Naona unaanza na mimi."

Mshonaji akacheka bila kupenda, na akachukua ile nzito. Jamani, akaichukua! Muuzaji alijua nyepesi ndiyo sahihi, lakini muuzaji gani atabishana na fundi mbele ya wateja? Mchana uleule Sikio aliimimina mwenyewe gerejini kwake, kopo mkono huu, mfuniko wa kutilia oili mkono ule, na macho usoni kwa mwenye gari. Kila alichokitazama siku hiyo kilikuwa na vishimo mashavuni.

Mapenzi yakashika moto. Simu asubuhi, simu mchana, simu wakati wa kupiga pasi. Mshonaji akawa "Sindano wangu," na Sikio akawa "roho yangu," hata mbele ya wateja. Hazikupita siku nyingi Sikio akasema mwisho wa mwezi atakuja na wajomba zake kwa mama yake mshonaji kuleta posa. Mshonaji alijifanya anatafuta pini iliyoanguka ili asimwone anavyotabasamu.

Tatizo lilikuwa gari. Kila asubuhi, likiwashwa tu, ilisikika tak-tak-tak-tak, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Pumzi chache, halafu kimya. Mama yake alikuwa akilisikia akiwa kitandani.

"Mwanangu, hilo gari lako linasaga meno."

"Nalisikia, mama. Leo nalipeleka kwa Sikio."

Akalipeleka. Lakini kutoka nyumbani hadi gerejini ni mwendo, na injini ikifika kule imeshapata moto, inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Sikio aliweka bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni, akafumba macho.

"Sisikii kitu, Sindano wangu."

"Asubuhi ndiyo linagonga. Likiwa la baridi."

"Sawa. Likigonga tena, lete."

Likagonga tena, akaleta tena, na tena Sikio hakusikia kitu. Ukimtazama mshonaji akirudi nyumbani siku hizo, ungedhani ndiye aliyeharibika, si gari. Hakuna kinachochosha kama kuumwa na kitu kinachojificha mbele ya daktari.

"Basi njoo nyumbani kabla sijaliwasha," alimwambia. "Usikie mwenyewe."

"Nije kwenu alfajiri? Mama yako aniulize nimelala wapi?"

Sikio alicheka, hilo likaisha. Kesho yake mshonaji akajaribu simu. Aliiwasha injini, akainamia boneti, simu mkononi.

"Umesikia? Hiyo! Hiyo hapo!"

"Nasikia mvumo tu, laazizi."

"Mvumo? Mbona mimi linanitoboa masikio!"

"Sasa sikiliza wewe. Ukinikumbuka, njoo tu. Huhitaji sababu."

Mshonaji hakuielewa kauli ile. Aliielewa siku ya Ijumaa.

Siku hiyo alikwenda gerejini kwa miguu, amebeba ovaroli mpya aliyomshonea, mishono miwili miwili magotini, na neno SIKIO limedariziwa kifuani kwa uzi mwekundu. Alipofika nyuma ya chumba cha rangi akasikia mpiga rangi akiuliza, "Kile kigari cha magauni kina nini? Kila siku kipo hapa."

"Kizima kabisa," ilijibu sauti aliyoijua. "Ila mwanamke akimpenda fundi, ndugu yangu, kelele za gari haziishi. Anazitunga. Mimi nakaa kimya, nafaidi tu."

Kicheko. Mshonaji akatokeza. Kicheko kikakatika.

"Nazitunga?"

"Sindano, ulikuwa ni utani tu..."

"Nazitunga! Naamka na gari linalogonga, nakesha nawaza litanifia barabarani na gauni la bibi harusi kiti cha nyuma, kumbe wewe umekaa unajisifu!" Akaitupa ovaroli kwenye boneti ya gari lililokuwa karibu. "Mteja akiniambia gauni linambana kwapani, mimi simwambii ananitaka. Namwambia livae, nione. Wewe ulikuja kuona lini?"

"Lakini nimelisikiliza kila ulipolileta..."

"Ulisikiliza gari. Mimi hukunisikiliza hata mara moja. Leo ni injini. Kesho nitakwambia kifua kinanibana, utasema namtamani daktari. Nikwambie mtoto ana homa, utasema nadeka. Waambie wajomba zako wapumzike. Usije kwa mama."

Akaondoka. Mpiga rangi akajikuna kichwa, akasema, "Ndugu yangu, hapo umeharibu." Sikio akaiokota ovaroli, akaikung'uta vumbi.

Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe mtamu, ukasomwa ukaachwa. Ovaroli mpya aliitundika ukutani, asithubutu kuivaa. Mshonaji naye alikuwa akilia juu ya magauni meupe ya watu wengine, akifuta machozi haraka yasidondoke kwenye hariri. Alimpenda, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Mwishowe Sikio akaona liwalo na liwe. Aliamka kukiwa bado na giza, akaenda kusimama nje ya geti la kina mshonaji, mikono mfukoni, baridi inamkata. Alikuwa amekariri maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Geti likafunguliwa. Mshonaji akatoka na gauni begani, akamwona, akampita kama nguzo ya umeme. Akaingia garini. Akazungusha ufunguo.

Tak-tak-tak-tak-tak!

Maneno yote aliyokariri Sikio yakamtoka kichwani. Sauti ilikuwa kali, kavu, ikitoka juu kabisa ya injini. Ilikuwa vilevile alivyoelezwa, na ikanyamaza vilevile alivyoelezwa.

"Zima," alisema. "Tafadhali. Fungua boneti."

Mshonaji alitaka kukataa. Lakini ule uso haukuwa wa mzaha. Akafungua. Sikio alichomoa kijiti cha kupimia oili, akatazama tone linavyosita kudondoka, zito kama asali. Kisha akafungua mfuniko wa kutilia oili, akaupangusa kwa kidole, akamulika kwa simu. Juu yake kulikuwa na namba: 5W-30. Ile nyepesi.

Akakaa chini pale pale barabarani.

"Imeandikwa," alisema. "Niliushika mfuniko huu kwa mkono wangu, nikawa nakutazama wewe. Oili niliyokupa ikilala na baridi inakuwa nzito mno. Ukiwasha inachelewa kupanda, vyuma vya juu vinagongana vikavu. Ikipata moto inakimbia, kelele inaisha. Na wewe ulikuja kila mara imeshapata moto, nikakuona mwongo. Hukukosea, Sindano. Kelele hii nimeitia mimi."

"Siku ile dukani nilikuwa nimeomba nyepesi."

"Uliomba. Neno la kwanza nililokwambia duniani lilikuwa kosa."

Mshonaji aliuma midomo. Hasira ilikuwepo, tena nyingi, lakini haikuwa na pa kusimama.

"Injini imeharibika?"

"Bado. Ila ningekupuuza mwezi mwingine, ingeharibika. Nipeleke dukani."

Walikwenda, wakangoja mpaka duka likafunguliwa na wateja wakajaa. Muuzaji alipowaona akajifanya anapanga plagi.

"Mpe ile nyepesi aliyoitaka mwanzo," Sikio alisema kwa sauti, duka zima lisikie. "Yeye ndiye alikuwa sahihi. Na filta mpya."

Mchana ule Sikio aliimwaga ile nzito, akatia nyepesi, na kesho yake alfajiri alikuwa getini tena, safari hii ndani ya ovaroli mpya. Aliishika boneti kwa kiganja, akahakikisha ni ya baridi kabisa.

"Washa."

Injini ikashika. Walisubiri. Hakuna kilichogonga.

"Sindano," alisema. "Siku nyingine ukiniambia kuna kitu, nami sikisikii, nitakaa hapa getini mpaka nikisikie. Ruhusa ya kuja kwa mama naiomba upya. Ukikataa nitaelewa."

Mshonaji alizima injini. Alishuka, akavua futi shingoni, akaizungusha kifuani mwa Sikio, akaivuta mpaka kijana akajikunja.

"Simama wima. Usijikunje."

"Unafanya nini?"

"Napima. Suti ya bwana harusi siwezi kuishona kwa kukisia."

Dirisha la juu likafunguka.

"Na mikono mpime vizuri!" mama alipaza sauti. "Huyo ana mikono mirefu!"